Kinu cha Nyuklia na Maji Yake

1. Chungu juu ya Mafiga

Kila mtoto aliyepata kukaa jikoni ameona mambo mawili juu ya chungu cha maharagwe. La kwanza ni hili: maji yakichemka sana, mvuke hukisukuma kifuniko, kikainuka na kugongagonga, kana kwamba mna mtu ndani ambaye ataka kutoka. Maji yakigeuka kuwa mvuke hutaka nafasi kubwa, zaidi ya mara 1,600 kuliko nafasi yake ya kwanza. Yakinyimwa nafasi hiyo husukuma, na msukumo huo una nguvu nyingi.

La pili ni hili: ukiziondoa kuni mekoni, chungu hakipoi papo hapo. Makaa yamebaki, nayo yaendelea kutoa joto. Mama akienda kisimani akakawia, maji hukauka, maharagwe huungua, na pengine chungu chenyewe hupasuka, ingawa hapana tena ukuni hata mmoja unaowaka.

Katika somo hili tutaona kwamba mambo hayo mawili, yaani nguvu ya mvuke na joto la makaa, ndiyo msingi wa kazi yote ya mitambo mikubwa ifanyayo umeme kwa nguvu za nyuklia. Kisha tutasikia habari za asubuhi moja ya mwaka 1979, katika nchi ya Marekani, ambapo watu waliofundishwa kazi yao walidanganywa na taa ndogo, wakakinyima chungu kikubwa maji yake.

2. Namna ya Kupata Umeme kwa Mvuke

Umeme wa mijini hufanywa zaidi kwa kuzungusha mtambo uitwao jenereta. Ndani yake mna sumaku na nyaya za shaba. Sumaku ikizunguka mbio karibu na nyaya hizo, umeme hupita ndani yake. Basi kazi yenyewe ni kupata kitu chenye nguvu ya kuizungusha. Penye mto wenye maporomoko, maji yaangukayo hutumika. Pasipo na maporomoko, watu hutumia mvuke. Mvuke hupulizwa kwa nguvu juu ya magurudumu yenye mapanga mengi, yaitwayo turbini, nayo huzunguka kama kile kitu cha majani ya mnazi ambacho watoto hukishika mbele ya upepo. Turbini huizungusha jenereta, na umeme hupatikana.

Mvuke huo hupatikana kwa njia nyingi. Wengine huchoma makaa ya mawe, wengine mafuta. Huko Olkaria, katika nchi ya Kenya, mvuke hutoka chini ya ardhi yenye joto, nao umezungusha turbini tangu mwaka 1981. Katika kituo cha nyuklia mvuke hupatikana kwa joto la urani. Usisahau neno hili: kituo cha nyuklia, pamoja na ukubwa wake wote, ni namna nyingine tu ya kuchemsha maji.

3. Moto Usio na Moshi

Urani ni madini mazito sana. Imechimbwa katika nchi nyingi, na mgodi mmoja uliokuwa mashuhuri ni ule wa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo. Kama vitu vyote, urani imefanywa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ziitwazo atomi, na kila atomi ina kiini chake katikati. Katika mwezi wa Desemba, 1938, wataalamu wawili wa Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann, waliona dalili za kwamba kiini cha urani chaweza kupasuka. Baada ya siku chache Lise Meitner na Otto Frisch wakaeleza maana ya dalili hizo.

Mambo yenyewe ni hivi. Chembe iitwayo nyutroni ikipiga kiini cha urani, kiini hupasuka vipande viwili, hutoa joto, na tena hurusha nyutroni nyingine mbili au tatu. Hizo nazo hupiga viini vingine, navyo hupasuka, na hivyo hivyo, kama moto wa nyika urukao kutoka kichaka hata kichaka. Lakini moto huu hauna moshi wala hauhitaji hewa.

Ili kuutawala, urani hufanywa vipande vidogo, kadiri ya ncha ya kidole, navyo hupangwa ndani ya mirija mirefu myembamba ya madini yaitwayo zirkoni. Mirija hiyo, maelfu kwa maelfu, hufungwa matita matita na kuzamishwa katika maji ndani ya chungu cha chuma kinene sana. Chungu hicho pamoja na vyote vilivyomo huitwa kinu cha nyuklia, ingawa hakitwangi kitu. Katikati ya mirija huingizwa fito za kuzuilia, ambazo kazi yake ni kumeza nyutroni. Fito zikiinuliwa, viini hupasuka kwa wingi; zikishushwa zote, kupasuka huko hukoma mara moja.

Vile vipande vya viini vilivyokwisha kupasuka ni vya hatari, kwa sababu hutoa mionzi idhuruyo mwili wa mtu. Kwa hiyo sharti vikae ndani ya mirija yake, visitoke kabisa. Mirija ikiwa ndani ya maji, ni salama. Ikikosa maji, hupata moto mno, hupasuka, na mwisho huyeyuka, na ile sumu hupata njia ya kutoka. Hapo twaona kwamba maji ya kinu yana kazi mbili. Ni mchukuzi, maana huchukua joto na kulipeleka panapotakiwa. Tena ni mlinzi, maana huizuia mirija isiungue. Mchukuzi aweza kupumzika. Mlinzi hana ruhusa ya kulala.

4. Maji ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu

Sasa na tutazame kituo kimoja. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, karibu na mji wa Harrisburg, mto Susquehanna una kisiwa chembamba kiitwacho Three Mile Island. Hapo palijengwa vinu viwili. Cha kwanza kilianza kazi mwaka 1974; cha pili kilianza kuuza umeme mwishoni mwa mwaka 1978. Habari zetu ni za hicho cha pili. Ndani ya kituo kile maji yalizunguka kwa njia tatu, kila maji na njia yake.

Maji ya kwanza yalipita ndani ya kinu, katikati ya mirija ya urani, yakisukumwa na pampu nne kubwa. Yalipata joto la zaidi ya digrii 300, na wewe wajua kwamba maji ya jikoni huchemka kwa digrii 100. Lakini maji haya hayakuchemka, kwa sababu yalibanwa kwa mgandamizo mkubwa, karibu mara 150 ya mgandamizo wa hewa ituzungukayo. Maji yakibanwa sana hayawezi kugeuka mvuke kwa upesi. Ili kuushika mgandamizo huo palikuwa na tangi la peke yake, nusu maji na nusu mvuke, na juu yake kilango cha chuma. Mgandamizo ukizidi, kilango hufunguka chenyewe na kutoa mvuke kidogo, kama kifuniko cha chungu kiinukavyo. Ukipungua, hujifunga tena. Ukikumbuke kilango hicho.

Maji ya pili yalikuwa katika mabirika mawili ya chuma, marefu kama nyumba ya ghorofa nyingi. Ndani ya kila birika mlikuwa na mabomba membamba zaidi ya 15,000, yamesimama wima. Maji ya kwanza, yenye moto, yalipita ndani ya mabomba hayo. Maji ya pili yalikuwa nje yake. Hayakuchanganyika kamwe, joto tu ndilo lililovuka ukuta wa bomba. Ukitaka kufahamu, itie birika la chai ya moto katika beseni la maji baridi. Chai itapoa, na maji ya beseni yatapata moto, lakini hayatapata ladha ya chai hata kidogo. Maji ya pili yalibanwa kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya kwanza, kwa hiyo yalichemka, na mvuke wake ukaenda kuzungusha turbini. Hivyo mvuke ulioifikia turbini haukuwa umegusa urani.

Mvuke ukiisha kuzungusha turbini huwa umelegea. Haufai tena kwa kazi, wala haurudishwi kwa pampu kwa urahisi ungali mvuke. Ni lazima ugeuzwe maji kwanza. Basi ulipitishwa juu ya mabomba yenye maji baridi, ukapoa, ukawa maji, na pampu zikayarudisha maji hayo mabirikani yachemke tena. Yale maji baridi ndiyo maji ya tatu. Nayo yalipata joto, yakapelekwa kwenye minara ya kupozea yenye urefu wa futi zaidi ya 370, mipana chini na myembamba kiunoni. Humo yalimwagwa kama mvua, hewa ikapanda kati ya matone, na sehemu ya maji ikageuka mvuke na kuchukua joto juu angani.

Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia iyo hiyo. Maji kidogo hupenya, hukauka kwa nje, na katika kukauka huchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Watu wengi waonapo wingu jeupe juu ya minara hudhani ni moshi wa nyuklia. Sivyo, ni mvuke wa maji matupu. Na usishangae kwamba minara ni mikubwa hivyo. Katika kila mafungu matatu ya joto la kinu, fungu moja tu hugeuka umeme; mawili hayana budi kutolewa nje.

5. Makaa ya Kinu

Yote haya ni habari za kinu kikiwa kazini. Je, kikisimamishwa? Fito zikishuka, viini vya urani huacha kupasuka. Lakini vile vipande vilivyokwisha kupasuka bado havijatulia. Huendelea kutoa mionzi na joto, kama makaa baada ya kuni kuondolewa. Mara tu baada ya kusimamishwa, kinu hutoa bado mafungu 6 au 7 katika kila 100 ya joto lake la kwanza. Baada ya saa moja ni kama fungu moja na nusu. Baada ya siku nzima ni pungufu ya moja.

Waweza kusema, hayo ni kidogo. Lakini kidogo cha kitu kikubwa ni kikubwa. Kinu cha pili cha Three Mile Island, katika nukta ile ya kusimamishwa, kilikuwa bado na joto la kutosha kugeuza mvuke zaidi ya madebe matatu ya maji yachemkayo kwa kila nukta moja. Wala hapana mtu awezaye kuyazima makaa hayo. Dawa yake ni moja tu: maji yaendelee kupita, saa baada ya saa, siku baada ya siku.

6. Alfajiri ya Machi 28, 1979

Siku hiyo, saa kumi ya alfajiri, pampu za maji ya pili zilisimama ghafula. Turbini nayo ikasimama. Pampu za akiba zilianza zenyewe kama ilivyopasa, lakini vilango viwili katika mabomba yake vilikuwa vimeachwa vimefungwa, na dakika nane zikapita kabla mtu hajavigundua. Kwa hiyo mabirika hayakupata maji, na joto la maji ya kwanza likakosa pa kwenda. Mgandamizo ukapanda. Kile kilango cha juu ya tangi kikafunguka, na baada ya nukta chache fito zote zikashuka, kinu kikazimika. Hata hapo mitambo ilifanya yaliyoipasa.

Mgandamizo ulipopungua, kilango kilipaswa kujifunga. Hakikujifunga, kilikwama wazi, na maji ya kwanza yakaanza kupotea. Lakini katika chumba cha wasimamizi, taa ndogo ya kilango hicho ilizimika, nao wakaamini kwamba kimefungwa. Kumbe taa ile haikuonyesha hali ya kilango. Ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imepelekwa. Ni kama mwalimu aliyemtuma mtoto kufunga mlango, akaridhika kwa kuwa amemtuma, asigeuke kuutazama mlango wenyewe.

Baada ya dakika mbili pampu za hatari zilianza zenyewe kutia maji kinuni. Kama zingeachwa, huenda madhara hayangekuwapo. Lakini wasimamizi walitazama kipimo cha lile tangi, wakaona maji yake yanapanda. Walikuwa wamefundishwa kuogopa tangi lisijae kabisa, maana likijaa mgandamizo hautawaliki. Wakafikiri kinu kina maji mno, wakayapunguza. Kumbe ndani ya kinu maji yalikuwa yameanza kuchemka, na mvuke ulikuwa ukiyasukuma hata tangini. Hata uji ukichemka hupanda mpaka ukingoni, na mpishi asiyefunua vizuri husema chungu kimejaa, ambapo uji wenyewe ni haba. Hapakuwa na kipimo chochote cha kuwaonyesha kimo cha maji ndani ya kinu.

Baada ya zaidi ya saa moja pampu kubwa zilianza kutetemeka sana, kwa kuwa zilikuwa zinasukuma maji yaliyochanganyika na mvuke. Wasimamizi walichelea zisivunjike, wakasimamisha mbili, kisha mbili zilizosalia. Sasa maji hayakuzunguka tena. Yaliyobaki yalichemka na kupungua, na ncha za mirija ya urani zikatokea nje ya maji. Makaa yakafanya kazi yake.

Saa kumi na mbili na dakika 22 asubuhi mtu mmoja aliyekuja zamu alishuku kwamba kile kilango kinavuja. Wakafunga kilango kingine katika bomba lile lile, na maji yakaacha kupotea. Saa mbili na zaidi zilikuwa zimekwisha pita. Hata hivyo kazi ya kukipoza kinu iliendelea kutwa nzima, na ni kabla kidogo ya saa mbili ya usiku ndipo pampu moja kubwa ilipoanza tena kuyazungusha maji vizuri.

7. Yaliyofuata

Sehemu ya nje ya chungu cha chuma haikutoboka, na nyumba nene ya saruji iliyokizunguka kinu ilizuia sehemu kubwa sana ya sumu. Gesi kiasi zilitoka hewani. Siku ya Machi 30 gavana wa jimbo aliwashauri wanawake wenye mimba na watoto wadogo waliokaa ndani ya maili 5 waondoke, na watu wengine maelfu mengi wakahama kwa hofu. Hapana mtu aliyekufa katika ajali ile, na uchunguzi ulionyesha kwamba mionzi iliyowafikia wenyeji kwa wastani ilikuwa kidogo. Lakini miaka ilipita kabla ya watu kuweza kuingiza kamera ndani ya kinu, na hapo ndipo walipojua kwamba karibu nusu ya urani na mirija yake ilikuwa imeyeyuka. Kukisafisha kulichukua muda hata mwaka 1993. Kinu kile hakikufanya kazi tena.

Baada ya hayo sheria za kazi zilibadilishwa. Wasimamizi walifundishwa zaidi, wakizoezwa katika vyumba vya mfano ambapo hatari za kila namna huigizwa. Vipimo vilirekebishwa, vionyeshe hali ya vilango vyenyewe, siyo amri peke yake.

Lakini adui ni yule yule. Machi 11, 2011, tetemeko kubwa la nchi lilipiga Japani. Katika kituo cha Fukushima Daiichi fito zilishuka vema, na vinu vilivyokuwa kazini vikazimika. Kisha wimbi kubwa la bahari likaja, likazamisha mitambo ya umeme iliyoziendesha pampu. Maji yakakosa kuzunguka, makaa yakabaki, na urani ikayeyuka katika vinu vitatu.

Basi, mwanafunzi, ukiulizwa ni kitu gani kilicho kikubwa katika kituo cha nyuklia, usiseme urani, wala turbini, wala minara. Sema ni maji yasiyokoma, na mtu mwenye kuhakikisha kwamba yapo. Wale wa Three Mile Island hawakuwa wavivu. Walifanya haraka kwa neno la taa, wasitafute ushahidi wa pili. Wewe nawe, ukipewa kazi ya kulinda kitu, iwe ni chungu, au mlango, au ng'ombe, usiridhike kwa kuwa amri imetolewa. Nenda ukatazame kwa macho yako. Wazee wetu walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

Maswali

1. Kwa nini maji ya kwanza hayakuchemka, ingawa yalikuwa na joto la zaidi ya digrii 300?
2. Eleza jinsi joto lilivyovuka kutoka maji ya kwanza hata maji ya pili, pasipo maji hayo kuchanganyika.
3. Wingu jeupe juu ya minara ya kupozea ni kitu gani? Mtungi wa udongo wafanana nayo vipi?
4. Kwa nini kinu kilichozimwa bado chahitaji maji?
5. Taa ya kilango ilionyesha nini, na wasimamizi walidhani yaonyesha nini?
6. Andika habari fupi ya siku ambayo wewe mwenyewe uliamini jambo limefanyika, kumbe halijafanyika.